Jiwe la njano na wembe wa kukunja: kwa mnaoanza kunoa

Wembe wangu wa kwanza niliununua Jumapili moja katika soko la La Batte, ukingoni mwa mto Meuse, mjini Liège. Ulikuwa wembe wa Solingen, mji wa Ujerumani unaosifika kwa visu na nyembe, chuma cha kizamani, wenye kutu kidogo mgongoni na pengo dogo karibu na ncha. Jiwe nililipata wiki ileile kwa mtu mwingine: coticule, lile jiwe la njano la milima ya Ardennes, huko Vielsalm, kusini mashariki mwa Ubelgiji. Nikanoa kila jioni kwa wiki tatu, mpaka ubapa ukang'aa kama kioo. Siku ya kunyoa nikajipaka sabuni, nikauweka wembe shavuni, machozi yakanitoka. Ulikuwa unang'oa, haunyoi.

Basi, nyinyi mnaoanza, nianzie hapohapo niliponyooshwa.

Nilikuwa namalizia kazi ambayo sijaianza. Utazame wembe kwa karibu: kila upande, kandokando ya makali, kuna mstari mwembamba unaong'aa, usiofika hata milimita moja. Mimi huuita mteremko. Makali ni pale miteremko miwili inapokutana, na kama haijakutana sawasawa kutoka kisigino cha wembe (mwisho wa makali upande wa mpini) hadi ncha, hakuna jiwe la kumalizia litakalokuokoa, hata ulinunue kwa mshahara mzima. Utakuwa unang'arisha ubutu. Wageni wengi huja na swali moja: jiwe gani linamalizia vizuri zaidi, la Ubelgiji, la Thuringia kule Ujerumani, au la Kyoto kule Japani? Kwangu hilo ni swali la mwaka wa pili.

Aliyenifumbua macho ni jirani yangu, mzee wa Bukavu aliyewahi kuwa kinyozi. Aliwasha taa ya mezani, akaushika wembe makali yakiangalia juu, akauzungusha polepole. "Ona, mtoto wangu," akasema. Karibu na ncha palikuwa na uzi mweupe, mwembamba kama utando wa buibui, ukimetameta. Sehemu iliyokutana vizuri hairudishi mwanga, kwa hiyo huoni kitu. Ukiona nuru juu ya makali, hapo pana ubapa mdogo, hapo ni butu. Tangu siku hiyo nina taa juu ya meza yangu na lenzi ndogo ya kukuzia, na sigusi hatua ya pili mpaka ule uzi mweupe umetoweka wote.

Kisa cha ncha kutofikiwa kilikuwa jiwe lenyewe. Lilikuwa limebonyea katikati kwa matumizi ya miaka, na mimi nilidhani jiwe likitoka dukani au sokoni liko tayari. Chora miraba kwa penseli juu ya jiwe lote, weka msasa wa kwenye maji juu ya kipande cha kioo kinene, lisugue jiwe hapo. Penseli ikifutika pembeni tu na kubaki katikati, una bakuli, huna kinoo. Endelea mpaka mistari yote iondoke kwa pamoja. Kisha ondoa ncha kali za kingo za jiwe, ziwe za mviringo kidogo, zisije zikachimba makali. Kazi hii inachafua na inachosha, ila ukishaifanya mara moja jiwe litakaa miezi mingi kabla ya kudai tena.

Sasa pembe. Waliozoea kunoa visu huja na hofu ya kushika pembe kwa mkono. Kwenye wembe pembe imeshawekwa na fundi aliyeutengeneza: unaulaza bapa kabisa, mgongo na makali vyote vikigusa jiwe. Wembe wa upana wa milimita 16 wenye mgongo wa karibu milimita 5 unakupa nyuzi kama 17 au 18. Usiunyanyue mgongo, hata ukiona kazi inakwenda polepole. Ukitaka kujua unagusa wapi, paka mteremko wino wa kalamu nene, pitisha mara mbili tatu, tazama wino umebaki wapi. Jiwe likiwa jembamba kuliko urefu wa wembe, vuta kwa mshazari, kisigino kiingie kwanza na ncha itoke mwisho. Na mkono uwe mwepesi! Chuma kilichochimbwa tumbo, yaani kilichochongwa pande zote mbili mpaka kikawa chembamba, hupinda ukikikandamiza, makali yananyanyuka, unabaki kunoa hewa.

Kuhusu jiwe lenyewe. Jina coticule limetoka kwenye Kilatini, coticula, yaani kinoo kidogo. Ni mwamba wa zaidi ya miaka milioni 450, umejaa ganeti, yaani chembe za madini magumu, ndogondogo, za mikroni chache tu, zenye nyuso nyingi na pembe butu. Ndiyo maana halichimbi mikwaruzo mirefu. Mishipa yake ya njano ni myembamba, kwa hiyo mawe mengi huwa yamegandishwa juu ya kipande cha mwamba mwingine ili yasivunjike. Usidhani umeuziwa bandia.

Utamu wa jiwe hili uko kwenye tope. Unasugua juu yake kijiwe kidogo cha aina ileile pamoja na maji, ganeti zinaachia, linatoka tope jeupe. Anayejua kukuna nazi ataelewa upesi. Mwanzoni unataka tui la kwanza, zito. Hilo linakula chuma haraka, na kwa hilo ndipo unapokutanisha miteremko: safari 30 za kwenda na kurudi upande mmoja, 30 upande wa pili, pangusa, jaribu kwenye nywele za mkono. Zisipokatika kwa urefu wote wa wembe, rudia. Wembe wangu ulinila jioni mbili hapo, kwa ajili ya lile pengo.

Lakini tui zito lina ubaya wake. Makali yanapokwenda mbele yanagongana na ganeti zinazoelea, na zinayabutua kiasi. Kwa hiyo wembe hauwezi kuwa mkali zaidi ya tope linavyoruhusu. Dawa ni kulizimua: tone moja au mawili ya maji kwa ncha ya kidole, safari 20 nyepesi, tone tena, safari 20, mpaka tui linakuwa la pili, la tatu, kisha maji ya kusuuzia nazi, kisha maji matupu. Mimi huhesabu matone kumi hadi kumi na mbili. Wataalamu wa jiwe hili wanaiita njia hii dilucot. Ukizimua haraka utakwama, maana kwenye maji matupu coticule hula chuma polepole mno, na kilichobaki nyuma hakitafidiwa hata ukeshe. Ukichelewa, tope linakauka na kuwa zito upya bila wewe kujua. Mara mbili tatu za kwanza utakosea. Mimi nilikosea mara sita.

Ukichoka kukosea kuna njia ya mkato, na siionei haya. Kutanisha miteremko kwa tope, kisha bandika tepu ya mafundi umeme mgongoni, safu moja tu. Pembe inapanda karibu nyuzi 1, kwa hiyo sasa unagusa ukingo wenyewe peke yake, kazi ya kumalizia inakuwa ndogo na ya haraka. Tope jepesi, zimua, maji, basi. Wanaopenda usafi wa sanaa watakununia. Waache, wewe nyoa.

Mwisho wa kazi huwa nalipeleka jiwe chini ya bomba, maji yanatiririka kidogo, napitisha safari 50 kwa uzito wa wembe wenyewe bila kuongeza mkono. Sikio lako litakusaidia hapa: sauti inatoka kwenye kukwaruza inakuwa kama karatasi laini, na wembe unaanza kunata kwenye jiwe kana kwamba hautaki kuondoka. Maji nayo yanapanda juu ya ubapa badala ya kusukumwa mbele. Mafuta usitie, jiwe hili ni la maji.

Kabla ya ndevu kuna mkanda wa kupitishia wembe, wenye kitambaa na ngozi. Kitambaa kigumu safari 50, ngozi safari 60, mgongo ukitangulia na makali yakifuata. Kugeuza ni kwa mgongo, daima, wembe ukiwa bado umelala. Mimi niligeuza kwa makali siku ya pili, nikakata mkanda mpya kipande cha upana wa kidole, na wembe ukarudi kwenye jiwe. Mkanda wa kwanza nunueni wa bei rahisi. Nyumbani pwani niliwaona vinyozi wa chini ya miti wakiufuta wembe kwenye kiganja; kazi ni ileile, ila usijifunzie kwenye kiganja chako.

Wembe huu ni wa mtu mmoja. Usiazimane hata na ndugu wa damu, kwa sababu ya magonjwa ya damu. Ndiyo maana saluni za leo hutumia nyembe za kutupa. Na chuma hiki hakivumilii hewa ya bahari. Nilipokwenda Tanga likizo niliuacha usiku mmoja bafuni, asubuhi makali yalikuwa na madoa ya kutu kama chawa. Ukishanyoa, suuza, kausha kwa kitambaa hadi ndani kwenye bawaba ya mpini, pitisha mkanda mara kumi, paka tone la mafuta ya cherehani, weka pakavu. Kurudi kwenye jiwe ni mpaka uanze kuuhisi unavuta, na hapo huhitaji tope zito tena: maji matupu, safari 50, mkanda.