Muulize Mjomba wa Mvinyo: Kwa wakulima wa zabibu usiende mikono mitupu

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi ni mhudumu katika mkahawa wa Kiitaliano hapa Malindi. Bosi wangu amenialika tufuatane Italia mwezi wa Septemba, tuzunguke kwa wakulima wanaotengeneza mvinyo wa asili na ule wa baiodinamiki. Visa nimeshapata na Kiitaliano cha mezani nakimudu. Sasa wakulima hao ni watu wa namna gani? Niulize nini nisionekane mshamba? Na hayo mambo ya pembe za ng'ombe na mwezi mchanga, ni kilimo au ni uganga? – Mhudumu, Malindi

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Kuonekana mshamba kusikutishe, maana wenyeji wako ni wakulima na matope yao yako viatuni. Kinachonitia wasiwasi ni Septemba. Huo ndio mwezi wa mavuno sehemu nyingi za Italia. Mkulima hajalala vizuri, zabibu zinaingia kwa makreti, na mkewe ndiye karani, mpishi na dereva wa trekta. Mwambie bosi aandike mapema, ataje mko wangapi na saa mtakayofika, tena asipange nyumba tano kwa siku moja kama wafanyavyo waagizaji wa mvinyo. Mbili zinatosha. Mkichelewa, pigeni simu. Na mkimaliza kuonja, nunueni chupa. Wengi wao hawatozi kitu kwa kuonja, lakini mtu aliyeacha mavuno yake saa mbili kwa ajili yako hastahili kuambiwa asante tupu.

Kabla hujapanda ndege, tenganisha mambo mawili ambayo hata wahudumu wakongwe wa Malindi huyachanganya. Baiodinamiki ni habari ya shamba. Asili ni habari ya kule ndani, kwenye mapipa. Mkulima anaweza kuwa na kimoja bila kingine.

Baiodinamiki ilianzia kwa Rudolf Steiner, aliyetoa mihadhara minane mwezi wa Juni 1924 huko Koberwitz, kijiji ambacho leo kiko Poland. Alizungumza na wakulima waliolalamika kwamba udongo wao unachoka. Zabibu hazikuwa shughuli yake, na pombe mwenyewe aliisema vibaya! Alichofundisha ni kwamba shamba lijitegemee, mifugo na mimea pamoja, bila mbolea ya kiwandani. Ndipo zinapoingia pembe. Kinyesi cha ng'ombe hujazwa ndani ya pembe, ikafukiwa majira ya baridi yote, na wakati joto linaporudi ikafukuliwa. Gramu 100 hivi hukorogwa majini saa nzima, mara upande huu mara upande ule, kisha maji hayo hunyunyizwa kwenye hekta nzima. Dawa hiyo wanaiita 500. Iko na 501, ya jiwe la kwazi lililosagwa, ambayo hunyunyiziwa majani. Wengine hufuata pia kalenda ya Maria Thun inayogawa siku kuwa za mizizi, majani, maua na matunda kwa mwendo wa mwezi.

Uganga? Maoni yangu ni haya: ushahidi wa kisayansi kwamba pembe yenyewe inafanya kazi ni hafifu, na siku ya matunda sijaona ikiuokoa mvinyo mbovu. Lakini mtu anayepita mstari kwa mstari alfajiri na tangi mgongoni ataliona jani lenye ugonjwa kabla ya jirani yake aliyelala. Nyasi zimeota katikati ya mistari, udongo ukiuchota unavunjika mkononi. Hilo linaonekana kwa macho, wala halihitaji imani. Basi usibishane naye juu ya mwezi. Muulize juu ya shaba.

Naam, shaba. Wengi husikia "hakuna kemikali" wakadhani mizabibu hainyunyizwi kitu. Ukungu wa peronospora ukishuka na mvua, mkulima wa kilimo hai na wa baiodinamiki naye hupiga dawa ya shaba na salfa, za jamaa moja na zile wanazopigia nyanya wakulima wa kwetu. Shaba haiozi, inabaki udongoni. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya umeweka mpaka wa kilo 28 kwa hekta katika miaka 7. Muulize mwenyeji ametumia kilo ngapi mwaka huu, na mwaka 2023 alivuna nini, mwaka ambao ukungu huo uliipiga Italia vibaya, Abruzzo hasa. Atakayekujibu bila kupepesa macho, huyo kaa naye.

Sasa tuingie ndani. Hapa wewe mtu wa pwani una elimu ambayo bosi wako hana. Mgema hatii hamira kwenye kibuyu. Mnazi unaanza kuchacha wenyewe kule juu, asubuhi mtamu, jioni mkali, ukiuacha unakuwa siki. Mvinyo wa asili ni vivyo hivyo, hamira inatoka kwenye maganda ya zabibu na hewa ya ghala lile. Tofauti ni kwamba mwenzetu wa Italia anataka kinywaji chake kifike miaka kumi, na mlinzi wa kawaida wa safari hiyo ni salfa. Sheria ya Ulaya inaruhusu hadi miligramu 150 kwa lita kwa mvinyo mwekundu mkavu, na 100 ukiwa wa kilimo hai. Kwa mvinyo wa asili hakuna sheria ya Umoja huo. Wafaransa mwaka 2020 walikubaliana na hati ya "Vin Méthode Nature", yenye mpaka wa miligramu 30. Kwa hiyo uliza: umetia salfa? Kiasi gani, na lini? Neno "asili" peke yake lisikuleweshe.

Mkipita Friuli, kijiji cha Oslavia, mwombe bosi ajaribu kupata nafasi kwa Josko Gravner, aliyezika mitungi mikubwa ya udongo kutoka Georgia na kuuacha mvinyo mweupe ukae na maganda yake miezi mingi hadi ugeuke rangi ya kaharabu. Mkishuka Abruzzo, yuko Emidio Pepe na binti zake. Nyumba yao ilianza mwaka 1964, na zabibu nyeupe bado zinakanyagwa kwa miguu. Nyumba kubwa kama hizi zina foleni, lakini majirani zao wadogo mara nyingi wana nafasi na maneno mengi zaidi.

Kutema mvinyo unaoonja si utovu wa adabu. Kuna chombo chake. Usipotema, kufikia nyumba ya pili utakuwa unasifu kila kitu. Na manukato siku hiyo yaache hotelini.

SWALI: Mjomba, natunza nyumba ya wageni Shela, Lamu. Mgeni wetu Mfaransa aliacha makasha mawili ya mvinyo anaouita wa asili. Tuliuweka stoo ya juu chini ya makuti. Sasa vizibo vingine vinasukumwa nje na chupa zina mapovu. Mimi sinywi wala siujui. Nimwambieje? – Mtunza nyumba, Shela

JIBU: Mwambie ukweli leo, kabla hajafika. Chini ya makuti joto hulala, na mvinyo usio na salfa ukibaki na sukari kidogo, hamira iliyolala humo huamka na kuanza kuchacha upya ndani ya chupa. Watengenezaji wengine huandika kwenye lebo kwamba usihifadhiwe zaidi ya nyuzi 14, na stoo yako haijawahi kuziona nyuzi 14. Chupa zilizo nzima zishushe chumba cha chini chenye kuta nene za mawe, au friji kama ina nafasi. Zile zilizosukuma vizibo zinaweza kupasuka, kwa hiyo usizibebe kwa mikono mitupu wala usizitikise. Zifunike taulo nzito lililoloa, zisimamishe kwenye ndoo yenye maji baridi, na umwachie mwenyewe azifungue, akiwa nje uani.