Weka daftari pembeni: kwa anayeanza kutazama giallo

Nilipoanza kutazama giallo, filamu za mauaji za Italia, nilikuwa nakaa na daftari. Nimekulia kwenye riwaya za upelelezi, nikidhani kazi yangu ni kuorodhesha washukiwa: nani alikuwa wapi, nani ana kisa na marehemu. Filamu ya tatu nikalitupa daftari. Muuaji alikuwa mtu niliyemfuta mapema kabisa, na sababu yake ya kuua ikaelezwa mwishoni harakaharaka, kama msemaji anawahi basi. Nikaona nimepigwa changa la macho.

Kweli nilipigwa. Ilinichukua muda kukubali kwamba changa hilo la macho ndilo nililolipia.

Jina kwanza. Giallo ni manjano kwa Kiitaliano. Mwaka 1929 kampuni ya Mondadori ya Milano ilianza kuchapa mfululizo wa riwaya za upelelezi wenye majalada ya manjano, na rangi ikageuka jina. Mwitaliano huita giallo hadithi yoyote ya upelelezi, kwa hiyo ukimwomba iliyo nzuri usishangae akikupa kitabu. Sisi wa nje tunamaanisha zile filamu za mauaji za Italia, hasa za miaka ya 1960 na 1970.

Anza na L'uccello dalle piume di cristallo ya 1970, filamu ya kwanza kuongozwa na Dario Argento. Mwandishi Mmarekani anapita usiku mjini Roma, anaona ndani ya jumba la sanaa lenye vioo mwanamke aking'ang'aniana na mtu aliyevaa nguo nyeusi. Anakimbilia kusaidia, milango ya vioo inamfungia katikati: haingii, hatoki. Anaona yote na hana la kufanya. Polisi wanachukua pasi yake ya kusafiria, naye siku zinazofuata anairudia ile picha kichwani, maana kuna kitu ndani yake hakikukaa sawa. Polisi wanauliza ni nani. Yeye anajiuliza aliona nini hasa, na swali lake ndilo la kushika.

Ndiyo maana namwambia kila mgeni: shambulio la kwanza likianza, zima simu. Hapo ndipo unapoonyeshwa, na hapo ndipo unapoibiwa.

Ukishaizoea hiyo, rudi nyuma hadi 1964, Sei donne per l'assassino ya Mario Bava. Wanamitindo wa nyumba moja ya mavazi wanauawa mmoja mmoja, na shajara ya marehemu wa kwanza inamtia jasho kila aliyemo. Bava alikuwa mpiga picha kabla ya kuwa mwongozaji, na inaonekana: chumba kimoja kina mwanga mwekundu, wa kijani na wa zambarau, na usiulize taa hizo zimetoka wapi. Husimuliwa kwamba bajeti ilikuwa finyu hata kamera ikasukumwa kwa kigari cha mtoto. Muuaji wake ana kofia, koti, glovu nyeusi na kitambaa kilichofuta uso. Vazi hilo lina kazi: huwezi kujua kama aliyelivaa ni mwanamume au mwanamke. Usimkisie muuaji wa giallo kwa umbo lake.

Midomo haitafuatana na maneno. Waitaliano wa wakati ule waliingiza sauti studio baada ya kupiga picha, na waigizaji wa mataifa tofauti waliweza kusemeshana kila mtu kwa lugha yake. Kuhamia Kiitaliano hakuponyi. Sisi tuliokaa vibanda umiza tukisikiliza kung fu ikisimuliwa kwa Kiswahili hatuna uso wa kulalamika. Tega sikio kwenye muziki badala yake. Mtunzi Ennio Morricone, kwenye ile ya Argento, aliweka sauti laini za kubembeleza mtoto palepale unapotarajia kelele.

Kuna jambo silipaki rangi. Nyingi ya filamu hizi huua wanawake polepole na kwa urembo mno, kamera ikionekana kufurahia. Baadhi nimezizima katikati, na sijarudi. Lakini usidhani zote ziko hivyo. Non si sevizia un paperino ya Lucio Fulci, ya 1972, iko kijijini kusini mwa Italia ambako watoto wanauawa. Wanaume wanamshuku mwanamke anayesemwa ni mchawi, wanampiga kwa minyororo makaburini huku redio ikipiga muziki. Anajikokota hadi barabarani. Magari ya wasafiri yanampita. Msomaji wa Kanda ya Ziwa aliyesikia habari za vikongwe kuuawa kwa sababu ya macho mekundu hahitaji kutafsiriwa tukio hilo.

Profondo rosso ya Argento, ya 1975, iweke akiba, usianze nayo. Tena hakikisha umepata ile ndefu, ya zaidi ya saa mbili, kwa kuwa toleo la kuuzwa nje lilikatwa dakika 20 na zaidi. Ukiitazama kwa Kiingereza, baadhi ya maongezi yatageuka ghafla Kiitaliano: ndizo sehemu zilizorudishwa. Mpiga piano Mwingereza anaona kutoka uwanjani mwanamke akiuawa dirishani, anapanda mbio, anapita korido yenye michoro ya kutisha ukutani. Baadaye anasisitiza kwamba mchoro mmoja umeondolewa.

Mara ya kwanza niliifikia tamati nikiwa na hasira, nikisema hapo wametudanganya. Nikarudisha hadi ile korido, nikasogeza picha taratibu, nikaisimamisha. Kilikuwepo. Nilikuwa nimekitazama na kukipita, kama yeye.