Tawi la mwembe wa jirani

Wiki iliyopita mliwauliza wasomaji: siku ambazo hukuweza kutoka nyumbani, ni kitu gani kilikufariji? Kwangu mimi ni tawi moja la mwembe, na simu iliyopasuka kioo pembeni.

Naishi Isevya, hapa Tabora. Shule zilipofungwa Machi 17, 2020 kwa sababu ya korona, huku kwetu watu hawakufungiwa ndani. Soko liliendelea, bodaboda ziliendelea. Ila mimi nina pumu na kisukari, na binti yangu ni muuguzi. Alinipigia usiku ule ule: "Shikamoo mama. Usivuke geti mpaka nikuambie." Nikatii. Nilirudi darasani kufundisha Juni 29, shule zilipofunguliwa.

Kaka yangu yuko Kampala, na huko amri ilikuwa kali. Mwisho wa Machi magari binafsi yalizuiwa, na saa moja jioni kila mtu awe ndani. Akanitumia picha ya kaloli, wale korongo wakubwa wenye upara, amesimama juu ya bati. Akaandika: "Dada, mgeni wangu ni huyu tu. Wewe una nani?" Niliona vibaya kumjibu kwamba sina mtu. Nikatoka uani kutafuta.

Tabora hatukosi miembe. Wazee husema ni misafara ya biashara ya zamani iliyotuachia. Wa jirani umeinamia ukuta wangu, na kwenye tawi hilo kwera, wale ndege wadogo wanaosuka viota, walikuwa wanajenga. Miaka tisa nilikuwa nasikia kelele zao tu. Sasa nikawatazama. Dume anashuka kwenye mahindi yangu, anang'ata ukingo wa jani, anaruka nao, na uzi mrefu wa kijani unachanika. Anaanza na pete. Anasimama ndani ya pete hiyo na kusuka kumzunguka mpaka kinatokea kitu kama kibuyu, mlango ukiwa chini. Kisha ananing'inia mlangoni kichwa chini, anapiga mabawa, anamwita jike aje akague. Akikataliwa mpaka majani yakakauka, anaifumua nyumba yake mwenyewe na kuanza upya. Mmoja nilimpiga picha akifumua mara tatu. Huyo nilimpenda kuliko wote.

Kila siku nilikaa kwenye kigoda kile kile, saa moja asubuhi, jua likiwa mgongoni. Anayetaka kujaribu namsisitizia hilo: usihamehame. Mtu anayejua kwamba kesho asubuhi kuna kiota cha kwenda kukitazama analala tofauti na asiyengoja chochote. Nilikuwa silali, nikaanza kulala.

Mwanafunzi wangu mmoja alinielekeza niweke tone dogo la maji juu ya lenzi, halafu nigeuze simu taratibu ili tone lining'inie. Linakuza vitu vya karibu sana. (Liwe dogo kweli, maji yasije yakaingia ndani.) Mwembe ulipochanua mwezi Juni ndipo nilipoona ua lake kwa mara ya kwanza, mimi niliyezaliwa chini ya miembe: petali zake ndogo zina mistari ya njano inayogeuka kuwa ya waridi, na juu yake nyuki mwenye chavua miguuni. Watu wa Tabora tunajivunia asali, na nyuki mwenyewe sikuwahi kumwona hivyo.

Mwezi Mei mama yetu mdogo alifariki Nzega. Sikwenda kumzika. Kwetu hilo ni jambo zito, na bado ni zito. Nilikaa kwenye kigoda tangu asubuhi mpaka waliponipigia kwamba wameshamhifadhi. Siku hiyo nilipiga picha arobaini za kiota kimoja, zote zimetikisika. Ninazo mpaka leo. Moja nilimtumia kaka bila neno, naye akanitumia kaloli akinyeshewa juu ya bati, bila neno. Yeye pia hakumzika.

Mwaka jana jirani alitaka kulikata tawi kwa sababu ya kinyesi kinachochafua bati lake. Nilikwenda kumwomba, nikamwonyesha picha hizo kwenye simu, moja baada ya nyingine. Tumekubaliana: tawi libaki, na kila mwezi mimi namlipa kijana anayesafisha bati.