Uchovu wa ugonjwa wa mgongo si kudeka

Juzi dada mmoja aliniandikia kutoka Dodoma. Anaumwa spondilaitisi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo vya uti wa mgongo. Maumivu, anasema, keshayazoea. Kinachomliza ni uchovu, na nyumbani wanamwambia anadeka.

Nilikasirika, maana neno hilo nimeambiwa na mimi, tena na mwalimu mwenzangu mbele ya ofisi nzima. Wakati huo nilikuwa naamka usiku wa manane mgongo umekaza, nazunguka sebuleni mpaka ulegee, na saa moja asubuhi nipo shuleni. Kufika mchana, mkono wa kushika chaki ulikuwa mzito kama wa mtu aliyelima kutwa. Hospitali ya kwanza walinipa dawa za maumivu, wakaniambia nipumzike. Nipumzike! Mgongo huu ukilala ndiyo unakaza, ukitembea ndiyo unalegea. Hiyo ndiyo alama yake, na kwa kawaida huanza kabla ya miaka 45, wengi wakiwa vijana kabisa.

Daktari wa viungo aliyekuja kuutambua aliniuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza: wiki iliyopita uchovu wako ulikuwa ngapi, kuanzia 0 hadi 10? Kumbe kuna maswali sita ya kupima ukali wa ugonjwa huu, yaliyotungwa Bath, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 1994, na swali la kwanza kabisa ni la uchovu. Wastani wa majibu ukifika 4, ugonjwa unahesabiwa kuwa umepamba moto. Nikasema 8. Akaandika, hakubisha. Nililia pale pale kwenye kiti.

Leo nafundisha vipindi vyangu vyote na kidato cha nne ni changu. Yule mwenzangu anaona.

Kwa hiyo dada yangu, andika namba yako kila wiki, uende nayo kliniki. Usikubali kufungiwa mlango eti kipimo cha damu cha CRP, kile kinachoonyesha uvimbe wa ndani, kiko sawa. Kinaweza kuwa sawa na ugonjwa ukawa bado unawaka. Mwombe daktari aangalie na upungufu wa damu, maana nao unachosha, na umweleze unavyolala na kama moyo una huzuni. Mazoezi usiyaache hata siku unayojiona huwezi. Punguza, lakini inuka. Uvimbe wa ndani ukitulizwa, wengi uchovu hupungua, ingawa si lazima uishe wote. Andika namba, nasema tena.

Na mkifikia kuzungumzia zile sindano za kuzuia TNF, kemikali ya mwili inayochochea uvimbe, hakikisha umepimwa kifua kikuu kwanza, hata kama hukohoi. Dawa hizo zinaweza kukiamsha kilicholala mwilini.