Maswali ya Wasomaji: Kamati ya Wakazi Isife Baada ya Barabara Kupitika

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu. Mimi ni katibu wa kamati ya hiari ya wakazi katika eneo jipya la Goba, Dar es Salaam. Tulianza miaka miwili iliyopita, baada ya mvua za masika kuikata barabara yetu hata magari ya wagonjwa yakawa hayafiki. Tulichangishana, tukanunua vifusi, tukakodi greda, na barabara ikapitika. Tangu hapo watu wamepungua mikutanoni, michango imekauka, na sasa mwenyekiti wetu wa serikali ya mtaa anasema tunamwingilia kazi yake. Tufanye nini ili kamati isife? – Katibu, Goba.

JIBU: Ndugu Katibu, nitaanza na lalamiko la mwenyekiti, kwa kuwa lisipotatuliwa mapema kamati itavunjika hata kama fedha zipo. Serikali ya mtaa ni chombo cha kisheria. Mwenyekiti wake na wajumbe wa kamati ya mtaa huchaguliwa na wakazi kila baada ya miaka 5, mara ya mwisho ikiwa Novemba 2024, na mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri. Ninyi mmekubaliwa na majirani kwa ridhaa yao, na ridhaa hiyo ndiyo nguvu yenu yote. Hamwezi kutoza ada ya lazima, wala kumwadhibu asiyechanga, wala kutoa barua ya utambulisho. Mnachoweza ni kukusanya nguvu, maoni na michango ya watu waliokubali wenyewe, kisha kuipa serikali ya mtaa hoja iliyokwisha kuiva badala ya malalamiko. Ibara ya 146 ya Katiba inaeleza kwamba madhumuni ya kuwapo kwa serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi, kwa hiyo jirani anayejitolea hamwibii mwenyekiti wake chochote. Hata hivyo mwenyekiti ana haki ya kujua mnachokifanya. Mpelekeeni mihtasari ya vikao vyenu pamoja na nakala kwa mtendaji, na mwombeni nafasi ya kutoa taarifa katika mkutano wa mtaa, mbele ya watu wote.

Wasiwasi wake una historia, na ni vyema muielewe kabla ya kumkasirikia. Mfumo wa nyumba kumi uliasisiwa na TANU katika miaka ya 1960, na kwa muda mrefu mjumbe wa nyumba kumi alikuwa mtu wa chama na wa serikali kwa pamoja. Vyama vingi viliporejeshwa mwaka 1992, mjumbe huyo alibaki kuwa kiongozi wa shina la chama, ingawa watu wengi hadi leo humwendea kana kwamba ni ofisi ya umma. Katika mazingira hayo, kundi lolote linalozaliwa nje ya ngazi zilizozoeleka hushukiwa kuwa linamwandalia mtu kura. Andikeni katika kanuni zenu kwamba hakuna mjumbe atakayetumia jina la kamati katika kampeni, na kwamba anayechukua fomu ya kugombea uongozi wa mtaa ataachia nafasi yake. Sentensi hiyo moja itawaondolea nusu ya maadui.

Sasa nije kwenye kupungua kwa watu. Barua yako imeeleza vifusi na greda, lakini haikusema kama fedha zilizokusanywa zilisomwa hadharani, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye ugonjwa. Mtu aliyetoa shilingi elfu ishirini hasubiri kurudishiwa. Anasubiri kuambiwa zilikwenda wapi. Asipoambiwa hagombani na mtu, ila mkutano unaofuata haji. Itisheni mkutano mmoja wenye ajenda moja tu, nao ni mapato na matumizi ya barabara tangu siku ya kwanza. Risiti ziwepo mezani, safari za malori zihesabiwe, na kama kuna kiasi kisicho na risiti, mweka hazina akitaje mwenyewe kabla hajaulizwa. Najua ni jambo gumu kwa watu waliojitolea usiku na mchana bila malipo kuhojiwa kuhusu elfu tano ya maji ya kunywa ya mafundi. Vumilieni. Baada ya hapo taarifa ibandikwe dukani au kwenye mti wanaposubiri bodaboda, kwa sababu kundi la WhatsApp haliwafikii wazee wala wasio na simu janja.

Jambo la pili ni kuchagua kazi inayofuata. Mfano ninaoupenda ni wa Hanna Nassif, Kinondoni, eneo lililojengwa bila mpango karibu na bonde la Msimbazi na lililokuwa likifurika kila mvua kubwa. Katika miaka ya 1990 wakazi waliunda chama chao cha maendeleo, wakasaidiwa na wataalamu na wafadhili, likiwamo Shirika la Kazi Duniani, na mitaro ya maji ya mvua pamoja na barabara za ndani zikajengwa kwa mikono ya wakazi wenyewe, wanawake kwa wanaume. Mtaro una sifa ambayo barabara haina: maji hayaulizi nani ana gari. Anayekaa juu akiziba mtaro kwa taka, anayefurika ni wa chini, kwa hiyo watu wawili ambao hawajawahi kusalimiana hulazimika kuzungumza. Pia mtaro hauishi kazi, kwani lazima uzibuliwe kila mwaka kabla ya masika, na siku ya kuzibua ndiyo siku ya kukutana.

Kabla ya kuchimba, tembeeni eneo lote mkiwa na wazee wanaojua maji yalipokuwa yakipita kabla ya nyumba kujengwa, na mchore. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora kata zinazofurika za jiji hilihili, ikiwamo Tandale, mpaka mifereji midogo. Ramani iliyochorwa na wakazi hupokelewa kwa uzito zaidi katika vikao vya kata kuliko barua ya kurasa tatu.

Mwisho, kamati iwepo misibani. Daftari la michango ya misiba litenganishwe kabisa na la barabara, hata kama mweka hazina ni huyohuyo.

SWALI: Mimi ni mpangaji Mbagala, mwaka wa sita sasa. Kamati ya wakazi wa eneo letu imesema mikutano ni ya wenye nyumba tu, lakini wapangaji tunachangia ulinzi na taka kila mwezi. Je, ni haki? – Mpangaji, Mbagala.

JIBU: Si haki. Katika uchaguzi wa mtaa, anayepiga kura ni mkazi wa mtaa huo aliyetimiza miaka 18. Haulizwi kama ana nyumba. Kamati ya hiari inaweza kujiwekea kanuni zake, lakini ikijiita ya wakazi huku ikifunga mlango kwa wapangaji, ambao katika maeneo mengi ya Dar es Salaam ni wengi, inajiita jina lisilo lake. Wenye nyumba husema mpangaji ni wa kupita. Miaka 6 si kupita, na aghalabu mpangaji ndiye anayeamka saa tisa usiku mwizi anapopigiwa kelele. Kule Los Angeles, Marekani, ambako katiba ya jiji iliyopigiwa kura mwaka 1999 ilianzisha mabaraza ya ujirani ya watu wanaojitolea, anayeishi, anayefanya kazi au anayemiliki mali katika eneo husika ana kura, na jiji lile limeishi na utaratibu huo hadi leo.

Usiende peke yako. Wakusanyeni wapangaji wanaochangia, orodhesheni miezi mliyolipa, na ombeni kwa maandishi wajumbe wawili wa kuwawakilisha. Siku ya mkutano fikeni mapema, katibu awaandike katika daftari la mahudhurio kabla kikao hakijafunguliwa, kwa maana asiyeandikwa hahesabiwi kwenye akidi wala kwenye kura.