Maji yalikuwa maangavu kama kioo, na samaki wakafa

Juzi kijana mmoja wa mtaa wa Himbi, hapa Goma, ameniandikia: "Yaya, maji ya tangi langu ni safi kabisa, lakini kila asubuhi nakuta samaki mmoja amelala chali. Huu si uchawi?" Nilicheka, halafu kicheko kikakatika. Mwaka jana nilikuwa na gapi 11, samaki wadogo wa urembo, na uchawi nami niliuwaza.

Tangi langu ni la lita 60. Mawe yake ni yale meusi ya volkano, maana hapa Goma nani atanunua mawe? Majani yalikuwa yamesonga hadi juu, nami nilikuwa na kiburi nalo kuliko redio na televisheni pamoja. Jumamosi moja wakwe wakawa wanakuja. Nikang'oa nusu ya majani ili samaki waonekane, nikachomoa sponji ya pampu, nikaikamua chini ya bomba mpaka ikarudi nyeupe. Shemeji alipiga picha hata sita. Baba mkwe aliuliza kama samaki hao wanaliwa, nikasema hapana, akarudi kwenye sambaza yake, dagaa wa Ziwa Kivu.

Jumatatu alfajiri, kabla sijawasha taa, niliwakuta wote juu, midomo imegusa hewa, mashavu yakipiga mbio. Mimi na akili zangu nikadhani ni njaa, nikawamwagia chakula. Kufika Alhamisi walibaki 2. Mke wangu ndiye aliyewazika chini ya mgomba, mimi sikuweza.

Ule uchafu wa sponji niliouonea aibu ulikuwa bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokanayo na taka za samaki, kuwa nitriti, nayo sumu, kisha nitrati ambayo majani huila. Klorini ya bomba iliwaua. Na majani, ambayo nayo hunywa amonia, nilikuwa nimeyatupa. Tena maji yetu yanatoka Kivu, pH yake (kipimo cha asidi: ikipanda, asidi imepungua) iko juu. Kwenye pH 7 amonia yenye sumu haifiki hata sehemu 1 kwa 100 ya amonia yote. Kwenye pH 9 inakaribia theluthi. Vijikaratasi vyangu vya kupima vilionyesha nitriti sifuri, nikatulia. Havikuwa na alama ya amonia hata kidogo! Soma boksi kabla ya kulipa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tuache kufuga kwa ajili ya picha. Sponji ioshwe ndani ya ndoo ya maji yaleyale ya tangi, usiikamue ikalia. Maji ya bomba yalale siku nzima kwenye ndoo wazi ili klorini iruke, kisha ubadilishe robo kila wiki. Ya mvua mimi siyagusi, yanapita kwenye moshi wa volkano ya Nyiragongo kabla ya kufika kwetu. Nunua dawa ya matone ya kupimia amonia: ikibaki njano, lala, ikienda kijani, badilisha maji usiku huohuo na chakula ukifunge. Na amka mapema. Usiku majani nayo yanavuta oksijeni, umeme ukikatika pampu inasimama, na kwenye mwinuko wetu wa mita 1,500 hivi maji hayabebi hewa nyingi. Samaki anayeumwa utamjua alfajiri. Mchana anakuficha.

Wale 2 walikuwa dume na jike, Mungu si Athumani. Leo sihesabu tena.

Yule kijana alinitumia picha nne za samaki. Nikamwambia anitumie ya sponji. Ilikuwa nyeupe pee.