Kwanini nilikuambia usije nyumbani

Mwanangu,

Meseji yako ya juzi nimeisoma mara tatu. Umeniuliza, mama, ule mwaka wa korona nimepunguzwa kazini, chuo kimefungwa, nikakupigia nataka kurudi nyumbani ukasema usije, kwani hukunitaka? Nakuandikia maana kwenye simu ningelia tu.

Nilikutaka. Ila bibi yako alikuwa na miaka 81, ana kisukari na presha, na wewe unalala chumba kimoja na wenzako watatu ambao bado wanatoka kwenda kazini. WHO walishasema tangu tarehe 11 Machi 2020 kwamba hili ni janga la dunia nzima, lakini kilichonitisha zaidi ni kusikia mtu anaweza kuwa hakohoi wala hana homa na huku anaambukiza, dalili zinaweza kuchukua mpaka siku 14 ndo zitokee, na chanjo hamna, hata Uingereza walianza kuchanja watu Desemba. Nikawaza, mwanangu akimletea bibi ugonjwa bila kujua, bibi akaondoka, ataishije na hilo? Nilikuogopea wewe kuliko hata bibi, Mungu anisamehe.

Sasa nilipokosea. Nilisema usije nikakata simu, sikuuliza unakula nini, sikuuliza kodi unalipaje. Nilisikia kwenye redio wanafunzi zaidi ya bilioni 1 duniani wamefungiwa shule na vyuo nikasema basi na wangu ni mmojawapo, atavumilia kama wenzake. Kumbe unafanya mtihani onlaini kwa simu yenye kioo kilichopasuka, umekaa kwenye ngazi usiku wa manane kwa sababu ndo mahali pekee intaneti inashika, na mchana unapelekea watu mizigo milangoni kwao upate hela ya kula! Haya nimeyajua mwezi huu kwa dada yako, miaka yote hiyo umekaa nayo kimya.

Na kinachoniuma kweli, kile chumba cha nyuma kilikuwepo, kitupu. Ungekaa humo siku 14, tungekuwekea chakula mlangoni, tungeongea kupitia dirishani, halafu ungeingia ndani ukiwa mzima. Sikuliwaza hilo kabisa, hofu ilishanijaa.

Bibi hajui kama nilikukataza, mpaka leo anaamini ulikuwa bize na masomo. Ukija mwezi ujao nitamwambia mwenyewe, na wewe ukiwa umekaa hapo.

Mama yako